Dume la Bangoni

Duka langu la kuchapa mabango hapa Karatu lina kompyuta moja yenye programu ya bure ya kuhariri picha, na mimi sina subira na mtu anayeniambia hiyo ni kazi ya dakika mbili. Siku moja mfugaji wa Engaresero aliyekuwa anafungua kambi ya watalii aliniletea picha yake, amesimama mbele ya dume lake la ng'ombe, mkono mmoja juu ya nundu.

"Dada, toa vitu vyote vya nyuma. Nataka ikae kwenye bango la kijani," akasema, akaenda kunywa chai.

Nikaanza kumzunguka kwa kipanya: shuka, fimbo, hereni, shanga moja moja. Nikafuta zizi, nikafuta gari la watalii, na dume nikalifuta. Vikabaki vile vimraba vya kijivu na vyeupe vinavyoonyesha kwamba hapo hapana kitu, na mkono wake unaelea hewani. Nikajiona fundi kwelikweli.

Aliporudi alikikodolea macho kioo cha kompyuta. "Ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Si ulisema nitoe vya nyuma?"

"Zizi na gari, dada! Sasa mgeni aje kunitazama mimi? Kama kuna wa kufutwa, nifute mimi."

Nikasonya, nikairudisha picha ilivyokuwa, nikaanza kumfuta yeye kuanzia kichwani. Nilipofika begani akanizuia.

"Mkono uache," akasema taratibu. "Akijiona peke yake pale bangoni, atadhani nimemuuza."