Mke Wangu Nusura Awe Dada Yangu

Niliishia darasa la nne, lakini Tunduma nzima inanijua. Nilianza na baiskeli ya kukodi, nikivusha magunia ya mahindi mpakani. Baadaye nikanunua mashine ya kusaga, kisha Fuso yangu mwenyewe, na nyumba ya bati la rangi wakati wenzangu wanaezeka nyasi. Sikuachiwa urithi na mtu. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba mtu aliyeyaweza yote hayo alishindwa na jambo moja dogo, akaokolewa na wanawake.

Mke wangu ni mtoto wa ng'ambo, upande wa Zambia. Wakati namchumbia sikuona kama naoa nchi nyingine. Kwao na kwenye mashine yangu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Mshenga alivuka, ng'ombe wakavuka, bibi harusi akavuka, na hakuna aliyetuuliza kitu. Tukazaa watoto watatu. Kinyiha, lugha yetu, mke wangu alikijua hadi akawa ananisahihisha mimi niliyezaliwa kijijini Igamba.

Miaka ile Songwe haijawa mkoa, mambo yote makubwa tuliyafuata Mbeya. Siku moja tunakwenda kununua vipuri vya mashine, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Afisa wa uhamiaji akamuuliza mke wangu alikozaliwa. Angeweza kusema Igamba, nani angejua? Akasema kweli. Tukaambiwa atafute kibali cha kuishi nchini kabla mwezi haujaisha, la sivyo atarudishwa kwao. Tulipofika nyumbani akamwogesha mtoto wetu wa mwisho taratibu, kama anayemuaga.

Mimi nikamwambia, "Usilie, mama. Mumeo si mtu wa kushindwa na karatasi." Kesho yake nikapakia sukari na mafuta ya taa kwenye Fuso, nikampandisha mke wangu, tukaenda Igamba kwa baba yangu mdogo. Mpango wangu niliuona ni wa akili nyingi mno: baba mdogo aende kwa mtendaji wa kijiji aseme huyu mwanamke ni binti yake wa kumzaa, kazaliwa hapo hapo Igamba. Akiwa Mtanzania, kibali cha nini?

Baba mdogo alikubali kabla sijamaliza kueleza. "Binti mzuri kama huyo nani amkatae?"

Shangazi yangu alikuwa anapepeta maharage pembeni. Akaweka ungo chini.

"Wewe," akaniita, "baba yako mdogo ni nani kwako?"

"Ni baba yangu, shangazi."

"Na binti ya baba yako ni nani?"

Nikaanza kuokota maharage yaliyodondoka.

"Si dada yako? Watoto watatu umezaa na dada yako! Haya, leo hii huyu analala kwangu, wewe lala kwenye lori lako. Na ukoo wote nitauambia!"

Baba mdogo akacheka hadi akakohoa. Mke wangu naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya kizuizi. Kisha akaacha kucheka.

"Baba yangu yupo," akasema. "Amelala kaburini kwetu. Akiniuliza kwa nini nimemkana, nimjibu nini? Kama nitakaa hapa, nikae nikiwa mtoto wake. Kama haiwezekani, nirudisheni."

Sukari nikaiacha Igamba. Tukarudi, tukaianza njia ndefu ya sheria. Shangazi huyo huyo alisafiri hadi Vwawa wilayani kuapa kwamba ndoa yetu ya kimila aliiona kwa macho yake. Mama mkwe akavuka na kaka wa marehemu mkwe wangu. Balozi wa nyumba kumi akafunga kibanda chake cha chipsi siku nzima aje kusema tunaishi pamoja. Ndoa ikaandikishwa, tukapeleka maombi uhamiaji.

Afisa alikuwa dada mmoja mpole. Nikaanza kumweleza habari za baiskeli, mashine, na Fuso.

"Baba," akasema, "sijakuuliza lori. Namuuliza mama."

Akamuuliza baba yake nani, alizaliwa wapi, ana watoto wangapi. Mke wangu akajibu yote bila kutazama chini. Siku zile za kusubiri zilikuwa ndefu, maana mwezi ulikuwa unaishia. Lakini kibali kilitoka, na picha yake imebandikwa, amekunja uso kama anayedai chenji.

Jumapili iliyofuata alitaka kwenda ng'ambo, kaburini, kumwambia baba yake. Mimi nikashika njia ya uchochoroni, ile niliyovukia miaka yote na magunia. Akanishika mkono, akanivuta hadi geti la mpakani. Aliyekuwa getini akatazama kile kibali, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu ni nani kwako?"

Mke wangu akanikata jicho lile la utani. Nikajua sasa ataniita kaka, hapo mbele za watu.

"Mume wangu," akasema.

Nina malori matatu leo. Namshukuru Mungu kwa yote, lakini kwa neno lile nashukuru zaidi. Jina la kaka mke wangu huniita nyumbani tu, nikianza kujisifu mbele ya wageni. Basi naziacha sifa, naenda kuwachotea maji ya kunawa.