Daftari Mbili, Muhuri Mmoja

Karani wa usajili hupuliza muhuri kabla ya kuugonga, kama mtu anayepoza chai, kisha huufuta kwa ncha ya kilemba chake. Mezani ana daftari mbili, ya kijani ya Sayansi na ya buluu ya Fasihi, na huongea chini chini, utadhani mafaili yamelala. Wiki ya tatu sasa Mebarka anaisikia sauti hiyo kila asubuhi: "Bado, binti yangu." Tasnifu yake inahusu mifereji ya chini ya ardhi inayonywesha mitende ya Adrar, kule jangwani, na nyimbo za wachimbaji wake, ambazo ndani yake mna vipimo vya maji. Wahandisi waliirudisha wakisema hizo ni ngoma. Watu wa fasihi wakasema hayo ni mabomba. Leo usajili unafungwa adhuhuri, na asipoandikishwa, miaka minne imekwenda na maji.

"Ukurasa wa tisini una kosa," karani alisema bila kuinua macho. "Ubeti wa pili unataka vidole vitatu vya maji, wewe umeandika vinne. Ukiimba vinne, shamba la jirani linakauka."

Mebarka alishtuka. "Umeisoma yote, ami?"

"Mara mbili. Haikuwa na pa kukaa, ikakaa kwangu."

Akazisogeza daftari mpaka kingo zikagusana, akaupuliza muhuri, akaugonga katikati, nusu kwenye kijani, nusu kwenye buluu.

"Haya. Atakayeitafuta, na afungue zote mbili."