Honi ya Kona ya Kanisa

Juma lililopita, mnamo saa kumi za jioni, pikipiki moja ilipita kwenye kona ya kanisa hapa kwetu Mudzi-Pela, mtaa wa Bunia, na kupiga honi: mbili fupi, moja ndefu. Nilikuwa uani nachambua maharagwe. Kabla sijajua ninalofanya, nilikuwa nimeshaweka sufuria ya maji jikoni na kuanza kupepea makaa kwa mfuniko. Nikabaki nimesimama pale, mfuniko mkononi, nikijiuliza maji hayo ni ya nani. Hakuna mtu aliyekuwa anakuja. Tangu nirudi kuishi katika nyumba hii ya mama, mgeni wangu wa kila siku ni mbuzi wa majirani, naye hajawahi kupiga hodi.

Wewe uliyekua zama zetu labda utanielewa. Wengine wataniona mzee aliyeanza kupotea akili. Basi ngoja nianze mbali kidogo, kwa magari yangu, maana nimewahi kumiliki magari matatu katika maisha yangu na yote nayapenda mpaka leo.

La kwanza lilikuwa la waya. Usicheke. Nililisuka mwenyewe, na magurudumu yake niliyakata kwenye soli za kandambili kuukuu, moja ya bluu, nyingine nyekundu, kwa sababu zilizotupwa hazikuwa pacha. Usukani ulikuwa waya mrefu uliofika kifuani, nawe ulikimbia nyuma ya gari huku mdomo wako ukifanya kazi ya injini. Nilinguruma mpaka midomo ikafa ganzi. Kupanda mlima nilibadilisha gia, kushuka nilifunga breki, na mate yalinitoka kama mtoto mchanga.

Siku ya kwanza niliingia nalo uani kimyakimya. Mama alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, akashtuka, mchi nusura umwangukie mguuni.

“Weye iko mwizi?” aliniuliza. “Gari iko na klakson juu ya nini? Ile njo hodi yake. Rudia kule, ukuje vizuri.”

Nikarudi hadi kona ya kanisa, nikapiga honi kwa mdomo. Yeye ndiye aliyenifundisha jinsi ya kuipiga: mbili fupi za kusalimia, moja ndefu ya kusema nimefika. Nilipoingia nilikuta ameshaweka maji motoni, na ndani yake majani machache ya mkaratusi. Aliniosha miguu ile iliyojaa vumbi jekundu la Bunia, akisugua katikati ya vidole hadi nikapiga kelele. “Mutu anatoka mbali, maji inamungoja,” alisema. Nilikuwa nimetoka kisimani tu, lakini mama alinipokea kama dereva wa masafa. Tangu siku ile ikawa sheria ya nyumba yetu. Honi ikilia konani, maji yanakwenda motoni.

Gari la pili lilikuwa na injini. Nilikuwa kijana, mwenye suruali pana na maneno mengi. Lilikuwa gari dogo lenye mgongo wa kobe, na sisi tukaliita Kobe, japo nadhani kobe wa kweli angekasirika. Siku lilipozaliwa lilikuwa la bluu. Mimi nililipata likiwa na rangi isiyo na jina. Injini ilikaa nyuma, na kila aliyepanda kwa mara ya kwanza alifungua mbele, akakuta utupu, akanitazama kwa huruma. Sakafuni upande wa abiria palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, uliweza kuona barabara ikikimbia chini yako. Mama alikaa miguu kushoto na kulia kwa tundu, Biblia mapajani, kama malkia.

Jumapili alitaka nimpeleke kanisani kwa Kobe. Kanisa, nimekwisha kukuambia, liko konani. Kwa miguu ni dakika tatu. Lakini tulishuka kwanza mjini, tukazunguka soko, tukasalimia watu wote ambao hawakuuliza tunakwenda wapi, ndipo tukapanda tena mlima hadi ibadani. Tulichelewa kila Jumapili, na kwaya ilikuwa ikiimba wimbo wa pili tulipoegesha. Tukirudi, alinilazimisha nipige honi konani. Nikamwambia, mama, wewe uko humu ndani ya gari, nyumbani hakuna mtu wa kusikia.

“Nyumba nayo inasikia,” alijibu.

Nilicheka mpaka nikakaribia kuingia mtaroni.

Halafu likaja la tatu, pikapu, gari la kazi. Hili tuliliita Mama Mkwe, kwa sababu asubuhi ilibidi ulisalimie kwa adabu, upashe moto plagi zake, uombe kidogo, la sivyo haliamki. Likishaamka, lakini, hakuna kilichoweza kulizuia. Nilikwenda nalo Mongbwalu na sabuni, mchele na betri za tochi, nikirudi na wachimbaji wa dhahabu waliokaa juu ya magunia wakiimba na kugombana. Nilikwenda Boga kuleta maharagwe. Nilikwenda Mambasa kuleta mafuta ya mawese, na njia ile ya msituni ilikuwa na mashimo ya matope ambamo malori yalilala siku mbili, tatu. Tulikata matawi tukayatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja, kisha tukapika pamoja, madereva wote chungu kimoja, huyu chumvi, yule ndizi. Sijawahi kuwa na marafiki wengi kama katika yale mashimo. Mara moja dumu la mawese lilipasuka nyuma ya kiti, na harufu yake haikutoka tena, si garini wala mashatini mwangu. Hata leo nikinusa mawese nageuza shingo kutafuta gari langu.

Miaka ile sikuoa. Kila nilipodhani nimepata mchumba, kulikuwa na safari. Mama alisikitika, lakini hakukosa la kunitania. “Umeoa mukwe, umeacha binti,” alisema huku akinimiminia maji kwenye beseni. Maana popote nilipotoka, hata nikiwa nimechelewa kwa siku nne, nilipiga honi konani, mbili fupi, moja ndefu, na nilipozima injini mvuke wa mkaratusi ulikuwa tayari unatoka nyuma ya nyumba. Sijui hoteli gani duniani ina kitu kama hicho. Nilioga, nikala fufu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, na mama alikaa mkekani akiniuliza habari za barabara, shimo baada ya shimo, kana kwamba nazo ni ndugu zetu.

Kisha barabara zikaanza kufungwa. Leo njia hii ina watu wenye bunduki, kesho ile. Mama Mkwe alikaa uani akiota nyasi magurudumuni, na mimi nilikaa kando yake. Nikapata kazi ya ghala Kisangani, nikamuuzia gari jirani mmoja wa mtaa wa pili, mfanyabiashara mwenye moyo kuliko mimi. Kumuuzia jirani halikuwa kosa. Kosa ni kwamba sikuweza kumwambia mama. Gari lile alikuwa ameliombea mbele ya kwaya nzima. Alikuwa amelisifia sokoni. Nilimtazama usoni nikamwambia, mama, gari linabaki, ni letu, jirani ananiendeshea tu mpaka nirudi.

Halafu nikafanya ujanja ambao niliuona kuwa wema. Nilimwomba jirani kila akitoka safari, akipita konani, apige honi ile yetu, ili mama asikie kwamba gari liko na hali ni njema. Jirani alikuna kichwa, akakubali. Nilipanda ndege nikiwa na amani moyoni. Mjinga huwa na amani nyingi.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu ilitoka Bunia hadi Kisangani na ikachukua miaka sita. Simu zilipokuja, nilimpigia mama kila Jumapili. Aliniuliza kama ninakula, kama ninasali, na mwisho, kabla hatujaagana, aliniuliza kila mara kwa sauti ileile: “Na gari iko muzima?” Nami nilijibu, liko zima, mama. Ananyamaza kidogo. Kisha anasema, haya, mutoto yangu, Mungu akulinde. Kimya chake kile nilikisikia, lakini nilidhani ni mtandao. Niliahidi kurudi Noeli, nikaahidi Pasaka. Ukweli ni kwamba niliona haya kuingia kwetu kwa miguu, bila honi.

Aliugua siku chache tu. Nilipopata nafasi kwenye ndege, walikuwa wamekwisha kumzika.

Baada ya matanga nilikwenda kwa yule jirani kumshukuru kwa kusaidia msiba. Mama Mkwe alikuwa nyuma ya nyumba yake, bila magurudumu, kuku wakitaga kwenye kiti changu. Nilisogea nikanusa. Mawese bado yalikuwemo. Jirani alifukuza kuku kitini, akasema kuna jambo hajapata kuniambia.

“Mara ya tatu kupiga ile klakson,” alisema, “nilikuta mama yako amesimama katikati ya barabara. Nikasimamisha. Akachungulia pembeni yangu, kiti iko bure, tupu. Akaniuliza, mutoto yangu haiko? Maji nimeweka mara tatu, hakuna mutu anaingia. Akasema alifikiri miye naendesha, weye umechoka, umekaa pembeni.”

Nikamuuliza alimjibu nini.

“Ndugu yangu, nilishindwa kudanganya mama ya mutu. Nikasema, mama, gari ni yangu, aliniuzisha.”

“Naye?”

“Akasema, basi shuka uoge, maji itapoa.” Jirani alifuta uso kwa mkono wa shati. “Tangu ile siku, kila safari nilioga kule kwenu. Hata nilipomuambia asijisumbue, aliweka. Na alinikataza kukuambia. Alisema, atasema yeye mwenyewe. Muache, atasema.”

Sikumbuki nilivyorudi nyumbani. Nakumbuka tu kwamba nilihesabu zile Jumapili zote, na swali lile lile mwishoni mwa kila simu. Na gari iko muzima? Alikuwa ananifungulia mlango, na kila Jumapili mimi nilibaki nje. Alijua kila nilipodanganya, na akanibariki juu ya uongo wangu, akasubiri wiki nyingine. Angenitukana ningepona. Hakuna aliyebaki wa kunitukana.

Leo Mudzi-Pela ina pikipiki nyingi kuliko nzi, na honi zinalia mchana kutwa bila kumwambia mtu yeyote chochote. Anayefika anapiga simu akiwa mlangoni: niko hapa nje. Maji ya moto hayamngoji, kwa sababu hakuna aliyejua anakuja. Vijana wakinisikia nikinung’unika wanacheka, na wana haki. Mimi mwenyewe nilikuwa na honi nzuri kuliko zote, nikampa mtu mwingine anipigie.

Basi jioni ile ya pikipiki, nilipoona maji yameshaanza kuimba kwenye sufuria, sikuyaepua. Nilichuma majani ya mkaratusi nikayatia. Nikavaa viatu, nikatoka, nikatembea hadi kona ya kanisa. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza mandazi walinitazama. Niliwasalimia, nikageuka kuelekea nyumbani, nikakunja midomo, nikapiga: mbili fupi, moja ndefu. Walicheka, na mmoja akasema huyu papa mzee amekunywa nini. Midomo yangu haina nguvu kama zamani, ile ndefu ilikatika katikati, nikairudia.

Nikashuka taratibu kwa miguu yangu, nikaingia uani. Hapakuwa na mtu. Nilivua kofia, nikasema kwa sauti, maana nyumba nayo inasikia:

“Mama, gari niliuzisha.”

Maji yalikuwa tayari.