Waya Uliofungwa kwa Mpira

Fundi Sumaili wa Kasongo hana meno ya mbele, na ukimwona anatafuna mahindi ya kuchoma kwa pembe ya mdomo, usicheke. Atakutupia spana.

Ndege yake aliiunda mwenyewe kwa mabomba na turubai, viti viwili bila milango, na injini ya gari lililopinduka, aliyoichukua pamoja na kompyuta yake. Kompyuta hiyo husikiliza kihisi kilichomo kwenye bomba la moshi, wenyewe hukiita sonde, kinachopima oksijeni ili ijue imwage petroli kiasi gani. Lakini petroli ya ndege aliyoipata Sumaili ina madini ya risasi, nayo huigandia sonde mpaka inasema uongo. Injini ikishapata moto, kompyuta huuamini uongo huo, humwaga petroli kupita kiasi, na injini hukabwa. Basi Sumaili alichomoa waya wa sonde, unaopita kando ya goti lake, kompyuta ikabaki kukisia yenyewe, akaruka kwa amani.

Siku watu wa bunduki walipokivamia kijiji cha Wamaza, mkewe Soraya, aliyekuwa kule kwa mama yake, alipigwa risasi ya paja. Sumaili aliruka kumchukua, akatua uwanja wa mpira. Kabla hajamnyanyua, watu wale wale wakatoka vichakani wamembeba mkubwa wao, Komanda, tumbo limepasuka.

"Huyu kwanza," alisema Magloire, msaidizi wa Komanda, aliyekuwa akitengeneza pikipiki zamani. "Unamupeleka kwa watu yetu Nyangwe. Bibi yako anabakia. Ukirudia bila kumufikisha, tunamuchinja."

Kisha akauona waya. "Fundi, hii waya iko inje sababu ya nini? Unataka kumuua Komanda?"

"Hapana, kaka. Hii esanse ya ndege inaharibu ile sonde. Ukishikisha hiyo waya, moteri itakufa kule juu."

"Uongo!" Magloire aliviponda vidole vya Sumaili vya mkono wa kuume kwa kitako cha bunduki. Kisha akauchomeka waya, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akakaza kama anafunga gunia la mihogo. Kwenye barabara zetu kisichofungwa huanguka. Nani angemfundisha vingine?

Injini ilipokuwa baridi ililia vizuri, na Magloire akacheka. Sumaili na Komanda walipopaa, mbele ya kilima injini ikaanza kukohoa moshi mweusi.

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika usukani, wa kulia ulikuwa nyama tu. Sumaili aliinama akauuma mpira. Komanda, ambaye kwa maumivu ya tumbo alikataa mkanda, alidhani anafanyiwa hila. Akampiga bastola mdomoni, tena na tena. Sumaili akaendelea kutafuna, damu ikimjaa kooni, msitu ukipanda kuwalaki. Mpira ukakatika. Akauvuta waya, injini ikanguruma. Bastola ikaja sikioni.

Sumaili akailaza ndege ubavu. Hakumhurumia Komanda, na mimi pia simhurumii.

Alirudi Wamaza kiti cha pili kitupu, akatua bila kuizima injini.

"Amefika?" Magloire aliuliza.

"Amefika."

Wakampakia Soraya, wakamfunga mkanda. Magloire, mtu wa kukagua kazi yake, akainama kuutazama waya. Mpira ulikuwa unaning'inia, jino limekwama ndani yake. Akalitazama jino, akautazama mdomo wa Sumaili. Alipoelewa kwamba Komanda hakufika, aliruka mbele ya ndege kuizuia, bunduki juu. Panga la ndege, lile la mbele linaloivuta, likizunguka halionekani.

Turubai lote lilirukiwa na damu. Sumaili aliipa injini nguvu yote, risasi zikiwafuata mpaka miti ikawaficha.

"Nini imetugonga?" Soraya aliuliza, macho yake yamefumbwa.

Sumaili alilia waziwazi, akauchukua mwisho wa waya akamtia kiganjani.

"Kamata hii, mama. Isirudie mahali yake mupaka Kasongo."

Soraya akaushika. Walipotua alikuwa amezimia, na ilibidi watu waukate ule waya, kwa kuwa vidole vyake vilikataa kufunguka.