Kofia ya Ndugu Yangu

Kwanza nilisikia sindano zikigongana, tiki-tiki, nikajua akina mama wa kanisa wamekuja kufuma sebuleni kwetu Dunga. Nje kulinuka omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa uani.

Walifuma kofia za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Safari hiyo mmoja wao alikuwa ndugu yangu, na mama alikuwa bado naye hospitalini. Sufu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Dani, nyanya yangu, alifumua sweta yake mwenyewe huku mimi nikishika uzi mikononi. Ulinuka sabuni na moshi.

Kofia ilipokamilika, ilitosha kufunika ngumi yangu tu. Nikalia.

"Dani, fuma kubwa!" Niliamini mtoto hukua ili aifikie nguo yake, kama nilivyoifikia sare niliyonunuliwa kubwa.

"Wewe Atieno, unataka imfunike mpaka miguu?" jirani yetu alinitania.

Dani hakucheka. "Hii ni ya leo, nyathina, mtoto wangu. Baridi anaisikia leo. Akikua tutaifumua, tufume nyingine."

"Na sufu ikiisha?"

"Sweta imebaki mikono yote miwili. Acha akue mpaka aimalize."

Juzi nilimwona ndugu yangu, sasa mtu mzima, akijaribu kofia sokoni Otonglo, zote zikimbana kichwa, ndipo nikaelewa kwamba siku ile Dani hakuwa na hakika yoyote. Mimi nilimwamini kabisa. Dani aliifunga kofia ile ndani ya leso, akavaa viatu vya kanisani, akatoka kwenda hospitalini bila sweta, na mlango ukafungwa nyuma yake.