Mkwaruzo Kwenye Gari la Bwana Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na kalamu mbili mfukoni. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, jambo ambalo katika Shinyanga ya mwishoni mwa miaka ya arobaini lilimfanya mtu atembee polepole ili aonekane, na nilikuwa nimesikia kwamba gereji iliyo karibu na stesheni inatafuta kijana anayejua Kiingereza. Nilidhani ni ukarani. Fundi Mkuu, Kalasinga mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu na mikono yenye rangi tatu tofauti, alizitazama kalamu zangu, akanipa ndoo.

“Osha gari ile,” alisema. “Ukimaliza, osha tena.”

Kiingereza changu, nilikuja kugundua, kilihitajika kwa kusoma maandishi ya kwenye makopo ya rangi.

Wengi hudhani gari huumia likiwa safarini. Kwa nilivyoona mimi, mengi yaliumia yakiwa yamesimama. Mbuzi alipanda juu ya boneti, mtu aliegemeza baiskeli mlangoni, msomi wa darasa la pili alijaribu jina lake kwa msumari. Gari lilipoletwa, Fundi Mkuu alianza na kucha ya kidole gumba. Aliipitisha juu ya mkwaruzo. Kucha isipokwama, jeraha liko juu tu, na dawa ya kung'arishia na kitambaa safi vinatosha. Ikikwama, rangi imekatika, na mtu avue saa yake ya mkononi.

Bati likibonyea tulilinyoosha kwa kushikiza chuma kizito upande mmoja na kugonga taratibu kwa nyundo upande wa pili, tukianzia pembeni kuja katikati. Mabonde yaliyobaki yalizibwa kwa puti, ambayo ni kama tope zito linalokauka na kuwa gumu. Kisha msasa wa maji, mpaka kingo za rangi ya zamani zipotee chini ya kiganja. Halafu rangi ya msingi, ya kijivu, na mwisho rangi yenyewe kwa bunduki inayosukumwa na upepo wa mashine. Sakafu tuliimwagia maji kwanza, kwa sababu vumbi la Shinyanga halihitaji mwaliko. Na rangi ya kopo haikutumika kama ilivyo. Jua lilikuwa limeshakula rangi ya gari, kwa hiyo ilibidi kuchanganya mpaka ifanane na ile iliyochakaa.

Lakini kabla ya yote hayo ni kuosha, kwa sabuni, kwa maji, kisha kwa kitambaa chenye petroli. Mafuta yakibaki hata kidogo, rangi huyakimbia na kuacha vitobo vya duara. Gerejini tuliviita ndui. Kila asubuhi Fundi Mkuu aliuliza swali lilelile, “Umeosha?” Mwaka wa kwanza nililiona la busara. Mwaka wa tatu, nilipokuwa nimeruhusiwa kushika bunduki peke yangu, nililiona ni tusi.

Ilikuwa katika mwaka huo wa tatu. Fundi Mkuu alikuwa amekwenda Songwa kukagua malori, na kwenye saa nne asubuhi liliingia gari la Bwana Meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba. Dereva wake tulimwita Baba Kabula, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayelifuta gari hilo mara mbili kwa siku.

“Mwangaluka, mwanangu.”

“Mwangaluka, baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Njoo uone ajali ya gari ambalo halikutembea.”

Mstari ulianza mlango wa nyuma ukaishia kwenye madigadi, na hapo palikuwa na bonyeo la ukubwa wa sahani. Kucha yangu ilikwama mwanzo hadi mwisho.

“Ng'ombe,” alisema. “Alikuwa anajikuna.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

Alitazama viatu vyake. “Nilisimamisha gari pembeni ya mnada. Kurudi, namkuta mama mkwe amekaa kwenye kivuli chake. Amekuja kuuza samli.”

Mimi ni Msukuma, sikuhitaji zaidi. Kwa msomaji wa kwingine: kwetu, wakati ule, mwanamume hakumkaribia mama mkwe wake. Akimwona njiani alipisha porini, na kumpita karibu mbele za watu ilikuwa aibu isiyofutika upesi. Kwa hiyo Baba Kabula alisimama kama hatua mia, akingoja mama ainuke. Ng'ombe walipolifikia gari kwa upande wa pili alipiga kelele, lakini mnadani kila mtu anapiga kelele.

“Bwana anarudi kwa ndege saa kumi,” alisema. “Dereva aliyenitangulia alivunja taa moja. Aliandikiwa barua ya kufukuzwa, na kwa barua ile hakuna aliyemwajiri tena. Nina watoto wanne, mwanangu. Asikute alama.”

“Saa tisa litakuwa tayari,” nilisema. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu.

Nilinyoosha bonyeo, na nasema bila haya kwamba nililinyoosha vizuri. Mlango ulikuwa unang'aa, nikadhani ameshaufuta kama kawaida yake, nikairuka ndoo. Saa saba nilipuliza rangi. Kabla sijaweka bunduki chini, mlango mzima ulikuwa umeota ndui.

“Baba, hapa pamepakwa nini?”

Aliviinamia vile vitobo. “Mama mkwe alipaka samli. Anasema kidonda hakiachwi wazi.”

“Alikwambia?”

“Angeniambiaje mimi? Alimtuma muuza chumvi.”

“Na wewe hukuniambia?”

“Uliniuliza?”

Fundi Mkuu aliporudi saa nane alitazama mlango, akanitazama mimi.

“Umeosha?”

“Nilikuwa na haraka, bwana.”

Hakugomba. Alikunja mikono ya shati, akavua rangi yote, akaosha mwenyewe, na saa tisa na nusu alikuwa amefika kwenye rangi ya msingi. “Rangi kesho,” alisema. “Wewe nenda naye uwanja wa ndege, Ibadakuli. Una Kiingereza. Mweleze bwana ni kazi ya siku moja tu. Mweleze kwamba dereva analeta gari mwenyewe, hafichi. Mtu kama huyo hafukuzwi.”

Uwanjani Ibadakuli Meneja alishuka na wageni watatu, mmoja wao mwanamke mwenye kofia nyeupe. Meneja alikuwa hajamaliza mwaka nchini na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Aliliona baka la kijivu kabla ya kutusalimu. Nilimweleza habari ya ng'ombe, ya bati, ya rangi ya msingi, na nilifurahi kusikia sauti yangu ikitoka kama ya kitabu. Alisikiliza kwa utulivu, hata nikaona anaanza kulegea. Kisha akauliza, dereva alikuwa wapi ng'ombe walipofika?

Nilimgeukia Baba Kabula. Alivua kofia, akasimama wima.

“Mwambie bwana sikuliacha gari. Nililiona muda wote. Lakini mama aliyenizalia mke alikuwa amekaa pale, na mimi simkaribii. Ningemvunjia heshima mbele ya mnada mzima. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwambie hivyohivyo.”

Maneno ya Kiingereza nilikuwa nayo yote. Ningependa kudai kwamba yalinipungukia, lakini niliyapanga kichwani moja baada ya jingine, yakatosha. Ila nilimtazama yule mama wa kofia nyeupe, aliyekuwa akitabasamu kwa kungoja, nikaona jinsi sentensi ile itakavyompendeza. Mtu mzima amemkimbia mama wa mkewe! Niliwaona wakicheka, na mimi, mwenye darasa la nane, nikiwa miongoni mwa wanaochekwa.

“Anasema alikuwa amekwenda pembeni kidogo,” nilitafsiri.

“Kunywa?”

“Sijui, bwana.”

Jumamosi Baba Kabula aliletewa barua. Alinipa mimi nimsomee. Ilisema ni dereva anayetelekeza gari, na kwamba huenda anakunywa. Nilimwambia inasema kazi imeisha.

Miaka michache baadaye nilihamia Geita, kwenye karakana ya mgodi wa dhahabu, chini ya Bwana Mhandisi, aliyenipokea kwa kusema, “Hapa hatupaki rangi kwa urembo. Tunazuia kutu.” Aliamini kila bati linaweza kunyooshwa kwa nyundo kubwa zaidi. Kwake nilijifunza kulehemu, na nilisahau mengi ya ustadi niliyofundishwa na Kalasinga.

Jumapili moja alikuja mtu amekonda, suruali ina udongo mwekundu hadi magotini, amebeba jogoo kwapani. Ilinichukua muda kumtambua Baba Kabula. Alikuwa anapasua mawe kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo huko Rwamgasa.

“Nimesikia uko hapa, nikasema nikuletee.”

“Wa nini huyu, baba?”

“Wa Ibadakuli. Ulinitetea siku ile. Mzungu alikuwa mgumu tu, lakini niliona ulivyosema, mpaka jasho linakutoka.”

“Mama mkwe hajambo?” niliuliza.

“Hajambo, anakusalimu. Jogoo ni wake. Alimpa mke wangu, akasema huyu ni wa yule kijana aliyenisemea kwa Wazungu.”

Nilisema, “Asante, baba. Mshukuruni sana.” Ndiyo yote niliyosema. Aliondoka kabla ya jua kali, kwa miguu. Jogoo tulimla watu watatu wa karakana, na alikuwa mtamu.

Baadaye nilisoma kwa posta, nikasoma tena, mpaka nikafika chuo kikuu nikiwa na umri wa kuwafanya wenzangu waniamkie. Sikurudi gerejini; nilifanya kazi ya kuandika na kufundisha juu ya mila, na nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano, umri ambao serikali huona mtu ameiva. Vijana wa kupaka rangi wa siku hizi wana mashine zinazokausha mlango kwa saa moja, na nimefurahi kuona bado wanatumia kucha.

Katika maandishi yangu, moja lilipendwa kuliko mengine. Ni makala ya Kiingereza, kurasa kumi na nne, juu ya heshima ya wakwe katika Usukuma. Inaeleza vizuri kabisa kwa nini mtu mwaminifu anaweza kusimama hatua mia kutoka kwenye gari alilokabidhiwa asiweze kulisogelea. Baba Kabula yumo, ukurasa wa tisa, kwa jina la “dereva mmoja”. Niliisoma mbele ya mkutano, ukumbi umejaa, wageni wengi. Walielewa mara moja. Hakuna aliyecheka.