Mbolea Katika Banda la Ndege

Nyanya yangu, ambaye sisi wote tulimwita kogo, alikuwa na masikio mabaya kwa watu na mazuri kwa vibuyu. Ukimwita kutoka mlangoni hasikii, ama anajifanya. Lakini mpeleke soko la Kiptere, pale wanawake walipokuwa wakipanga vibuyu vya maziwa juu ya gunia, atainama, atagonga kimoja kwa ukucha, atagonga kingine, macho ameyafunga. Kile kizuri kinalia. Kile kilichoanza kuoza ndani, hata kama nje kimepakwa mafuta na kuvishwa shanga, kinajibu kama mtu mwenye kamasi. Hicho alikirudisha chini, na mwenye kukiuza alibaki akimtukana mgongoni. Mimi nilikuwa wa kubeba. Shule niliacha darasa la nne, kwa sababu ya mwalimu mmoja ambaye sitaki kumwongelea hapa, kwa hivyo masomo yangu mengi niliyapata nikitembea nyuma ya kogo na kibuyu kifuani.

Nataja vibuyu kwa sababu watu huniuliza nilijuaje. Nitafika.

Nilipopata nguvu nilienda Nairobi, nikapewa kazi ya kuosha ndege ndogo ndogo. Kuosha tu, na ndoo na kitambaa. Fundi wa hapo alikuwa Mhindi mzee, mkali, mtu wa kunywa chai ya tangawizi kutwa nzima. Siku moja alinikuta nikigonga bawa kwa ukucha. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nasikiliza. Alicheka, halafu akatoa shilingi mfukoni, akagonga pale pale nilipogonga, akainamisha kichwa kama kogo. Kumbe na yeye ndivyo alivyokuwa akipima. Kesho yake alinitoa kwa ndoo akaniweka kwa spana, na nikakaa naye miaka kumi na mitano. Leseni sikupata, leseni inataka Kiingereza cha vitabu vinene. Alipofariki watoto wake waliuza kila kitu, mimi nikapewa sanduku lake la spana, nikarudi nyumbani kuchuma majani chai kama watu wengine.

Hapo ndipo tajiri wetu aliponipata. Hii sasa ni miaka ya tisini. Alikuwa na chai kutoka barabarani mpaka mtoni, malori, ng'ombe wa gredi wa maziwa, na tumbo. Alikuwa amenunua ndege kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa anahama kurudi kwao. Ndege ya viti vinne, bawa juu, propela moja, na umri wake ulikuwa karibu sawa na wangu. Kurusha alikuwa amefundishwa kidogo. Unajua alikuwa akienda wapi na ndege? Sotik, hapo jirani tu. Anaenda Sotik kuangalia ng'ombe, na akishuka anakuta gari lake mwenyewe linamngojea, limetoka nyumbani mapema ili limpokee. Dereva alikuwa akinisimulia haya bila kucheka, kwa sababu alitaka kazi yake.

Nilimdharau tangu siku ya kwanza, na kazi nikaichukua. Sisemi uongo hapa. Kuchuma chai kunavunja mgongo.

Ndege yenyewe sikuidharau. Yule mzungu alikuwa ameitunza. Injini ilikuwa inawaka mara moja, hata asubuhi zile za baridi ambazo ukungu unalala juu ya chai mpaka saa nne. Nilibadilisha oili, plagi, magurudumu, nyaya za usukani zilizoanza kuchanika. Kila asubuhi nilichota petroli kidogo chini ya tangi kuangalia kama imeingia maji. Miaka miwili tulienda vizuri, mimi na ndege. Yeye alikuwa abiria tu.

Halafu mwaka mmoja mahindi yalizaa sana, stoo yake ikajaa, na mbolea ya chai ikafika na malori. Wapi pa kuiweka? Akaangalia akaona banda la ndege lina sakafu ya simiti na mabati mazuri. Magunia yakapangwa ukutani, kisha katikati, kisha mpaka chini ya mkia. Watu wake walipima mbolea kwa debe hapo hapo, wakiegemea mkia kama meza ya hoteli. Vumbi lake linakaa juu ya bati la ndege, na kwetu mvua ni kila saa tisa alasiri, hewa imelowa wakati wote. Mbolea ile ni chumvi. Ikipata unyevu inakula alumini kama mchwa anavyokula mlango. Nilimwambia. Aliniambia mbolea ni chakula cha chai na chai ndiyo inalisha ndege, kwa hivyo hawa ni ndugu, wakae pamoja. Wageni wake walicheka sana. Hao wangecheka hata akipiga chafya.

Misimu miwili mbolea ilikaa pale. Mwishowe akasema anataka kuifanya ndege iwe ya kisasa. Nikadhani amepata akili. La. Alileta redio mpya yenye taa nyingi, ambayo alikuwa akiibonyeza kama mtoto. Alileta mtu wa kushona sofa kutoka Kericho mjini, akatoa viti vya zamani vilivyokuwa vyepesi, akaweka vya ngozi nyekundu, sponji nene, na fremu ya mbao. Mbao! Mke wake akaongezea vitambaa vya kufuma kwenye migongo ya viti, vile vyeupe vya sebuleni, na pazia madirishani. Ilikuwa ni sebule ya harusi yenye propela. Mwisho kabisa ikawa zamu ya rangi, krimu na mstari wa kijani.

Nilikuwa nikikwangua rangi ya zamani mkiani nilipoona imevimba, kama ngozi ya mtu aliyeungua. Chini yake, unga mweupe. Nikatoa shilingi, nikagonga mbele: inalia. Nikagonga mkiani: kamasi. Nikafungua kidirisha cha kukagulia nikamulika ndani, na pale mkia unaposhikana na mwili, bati lilikuwa limebaki kama karatasi ya sigara.

Mkia ndio unashika pua ya ndege isiinamie chini. Ukitoka huko juu, hakuna rubani tena, kuna jiwe.

Nilimweleza polepole. Akaniuliza kama rangi itaficha. Nikamwambia rangi itaficha vizuri sana. "Basi paka," akasema. Injinia mwenye leseni akaja kutoka Nairobi kutia sahihi kitabu cha ndege. Alitia sahihi akiwa mezani, na mfupa wa mbuzi kwa mkono wa kushoto, na bandani hakuingia. Rangi wakapaka wengine. Mimi nilikataa, lakini sikuondoka, na hilo halinipi sifa yoyote.

Kumbe haraka yote ilikuwa ya sherehe. Mama yake alikuwa ametoka hospitali, amepona, na watu walialikwa kumshukuru Mungu. Tajiri alitaka kumpandisha mama huyo, azunguke naye juu ya kanisa lao kule Sigowet, watu wote waangalie juu. Mama mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, mwenye kuniuliza kila mara kama ndege yangu imeshazaa.

Siku ikafika. Wageni wamesimama na suti kwenye nyasi, pasta amemaliza maombi marefu, mama ameletwa bandani na shali mpya. Magunia bado yapo. Nikamwendea mbele yao wote.

"Kogo, gonga hapa," nikamwambia, maana kwetu kila bibi mzee huitwa kogo, nikauweka mkono wake ubavuni mwa ndege.

Akagonga kwa ukucha. Akatabasamu.

"Sasa gonga hapa mkiani."

Akagonga. Akagonga tena, amefunga macho. Tabasamu likaisha.

"Hiki kimeoza," akasema.

Mtoto wake akacheka, akawaambia wageni kwamba mama anadhani amekuja kununua kibuyu. Wageni wakacheka pamoja naye, pasta pia. Basi nikachukua bisibisi, nikaiweka juu ya ile rangi mpya, nikasukuma kwa kidole kimoja. Iliingia mpaka kwenye mpini. Nilipoichomoa, unga mweupe ukamwagika juu ya viatu vya tajiri.

Hakuna aliyecheka hapo.

"Umetoboa ndege yangu," akasema.

"Mkubwa, mbolea ilitoboa. Mimi nimekuonyesha tundu."

Mama aliangalia lile tundu, akaangalia kile kiti chekundu na kitambaa chake, kisha akamgeukia mtoto wake. "Hapo ndipo ulitaka kunikalisha?"

Tajiri alianza kuongea habari ya injinia na sahihi. Mama alikuwa tayari ameokota fimbo yake na anarudi nyumbani kwa miguu, polepole, na wanawake wawili wakamfuata.

Mimi niliweka bisibisi juu ya gunia la mbolea. Nikapita katikati ya suti, nikashika njia ya kwenye chai. Niliitwa jina langu mara mbili. Sanduku la spana la yule Mhindi lilibaki bandani, na sikurudi kulichukua.